Mtoto Mchangamfu Akishapasuliwa: Zamu ya Majuma Sita Huko Jebel

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumekwisha kuzungumza mara nyingi juu ya kumwuguza mgonjwa asiyejiweza. Juma hili nataka tuzungumze juu ya mgonjwa wa namna nyingine kabisa, naye ni yule ajiwezaye kupita kiasi. Huyu ni mtoto aliyepasuliwa, akapata nafuu, akarudishwa nyumbani na mshono wake tumboni, na kwa maoni yake mwenyewe amekwisha pona. Daktari amesema asikimbie, asipande mti, asinyanyue kitu kizito kwa muda wa majuma sita. Mtoto amesikia, lakini miguu yake haikusikia.

Jambo hili niliishi nalo mwezi wa Machi, mwaka 2024, mjini Juba, katika mtaa wa Jebel, nilikokwenda kumsaidia mdogo wangu. Shemeji yangu ni askari wa jeshi la Sudan Kusini. Kiswahili alikipata utotoni, alipokuwa mkimbizi nchini Kenya, na ndicho kinachosemwa nyumbani mwao, ingawa nje ya ua watoto husema Kiarabu cha Juba na jirani zao. Wakati ule shemeji alikuwa kazini Malakal, mbali na nyumba yake, kama mlivyo wengi katika ninyi msomao gazeti hili. Mkewe alibaki na watoto watatu, na yule wa kati, mvulana wa miaka minane, ndiye aliyepasuliwa.

JABALI NA MTOTO WAKE

Neno jebel ni Kiarabu, nasi katika Kiswahili tunalo ndugu yake: jabali. Mtaa umepata jina kwa mlima wa mawe uitwao Jebel Kujur, usimamao upande wa magharibi wa mji. Chini ya mlima huo akina mama huketi juani wakivunja mawe kwa nyundo ili kupata kokoto za kujengea. Ndani ya nyua kuna miembe na miarobaini. Mtoto wa mahali pale hukua akipanda: akikosa jiwe hupanda mti, na akikosa mti hupanda ukuta. Huyu mwanangu, maana kwa desturi zetu mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu, naye huniita mama mkubwa, alikuwa hodari wa kupanda kuliko wenziwe wote.

Ugonjwa wake ulianza kwa maumivu ya kitovuni, yakifuatwa na homa na kutapika. Mama yake alidhani ni malaria, akanunua dawa dukani. Siku ya pili maumivu yakahamia upande wa kulia, chini ya tumbo. Siku ya tatu mtoto akawa anatembea amejikunja kama mzee, na hospitalini wakasema ni kidole tumbo, tena kimekwisha kutoboka. Akapasuliwa usiku ule ule. Akina mama, likumbukeni hili kabla hatujaendelea: maumivu yaanzayo kitovuni kisha yakahamia kulia chini, mtoto akashindwa kusimama wima au kuruka, si ya kununuliwa dawa dukani. Ni ya kupelekwa hospitali siku ile ile.

Baada ya juma moja wodini alirudishwa nyumbani, nami nikafika siku hiyo hiyo.

MAKELELE HAYAPONYI

Siku mbili za kwanza zilikuwa za amani. Mtoto alilala, akanywa uji, akaomba maji. Siku ya tatu aliamka akiwa yeye yule wa zamani. Tangu hapo nyumba ikajaa amri. Keti! Shuka! Acha! Rudi! Asubuhi moja nilihesabu, na kabla ya chai kumalizika mdogo wangu alikuwa amekwisha kumkataza mara kumi na tisa.

Kwa bahati mbaya, wakati ule ule joto kali liliingia. Serikali ya Sudan Kusini iliamuru shule zifungwe kuanzia tarehe 18 Machi, kwa kuwa joto lilitazamiwa kufika digrii 45. Basi watoto wote wa mtaa walikuwa nyumbani, na mara tu jua lilipopungua walianza kucheza mpira wa matambara mbele ya mlango wetu. Fikiri, msomaji: mgonjwa wetu ndani, mpira nje, na baina yao pazia tu. Mama yake alijaribu kumfungia chumbani, lakini nyumba ya bati katika joto lile ni tanuri, wala haikufaa kumfungia humo mtoto mzima, sembuse mgonjwa.

Alasiri moja tulisinzia kivulini, mdogo wangu na mimi. Tulipofumbua macho kitanda kilikuwa kitupu. Mtoto alikuwa juu ya mwembe, na kaka yake yuko chini, ameikunjua fulana kupokea maembe. Tulipomwita alishuka, tena kwa haraka, na alipofika chini tukaona fulana yake imelowa damu iliyochanganyika na majimaji.

Mama yake hakumpiga wala hakupiga kelele. Aliketi chini juu ya udongo, akashika kichwa. Nilipoutazama uso wake nilifahamu kwamba hakuwa akiuogopa ule mshono peke yake. Mumewe alikuwa amemwachia watoto watatu. Siku mbili zilikwisha kupotea kwa dawa za dukani, na mtoto akakaribia kufa. Sasa lilikuwa limekuja hili, na kila usiku alikuwa akijiuliza atamwambia nini baba yao.

Tulimpandisha kwenye bajaji, tukamrudisha hospitali. Kwa rehema ya Mungu ilikuwa ni ngozi tu iliyoachana, upande wa chini wa kidonda, na mshono wa ndani ulikuwa umeshika.

SWALI LA MUUGUZI

Muuguzi aliyemsafisha alikuwa mama wa makamo, mtaratibu wa maneno. Alipomaliza kufunga bendeji alimgeukia mdogo wangu.

“Mama, umemkataza nini mtoto huyu?”

Mdogo wangu akaorodhesha: kukimbia, kupanda, kuruka, kubeba maji, kushindana mieleka na kaka yake.

“Vyema. Na umemwagiza afanye nini?”

Mdogo wangu hakuwa na jibu. Nami, niliyekuwa nikijiona mjuzi kwa sababu ya kuandika katika ukurasa kama huu, sikuwa nalo.

Muuguzi akatueleza. Ngozi, alisema, hufunga upesi, na baada ya siku kumi hivi huonekana imepona. Lakini chini ya ngozi kuna nyama na utando mgumu ushikao tumbo, na huo hujiunga polepole. Hata baada ya majuma matatu, mahali palipopasuliwa hapajapata nusu ya nguvu yake ya zamani. Maumivu ndiyo mlinzi wa kwanza wa kidonda, maana ndiyo yamwambiayo mtoto: usinyooke hivyo, usiruke. Taabu ni kwamba mlinzi huyo huondoka lindoni mapema, kabla ya mwenziwe kuja kumpokea. Kazi ya wazazi ni kushika zamu hiyo iliyoachwa wazi.

Akaongeza jambo ambalo wengi hawalijui. Kupumzika si kulala kutwa kucha. Mtoto aliyepasuliwa tumbo yampasa kutembea taratibu kila siku, kwa kuwa kutembea husaidia mapafu kufunguka, choo kupatikana na damu kuzunguka vizuri. Linalokatazwa ni lile la ghafula na la nguvu. Basi tusimwambie mtoto asitikisike. Tumwambie ni mtikisiko gani tunaoutaka.

MWELEZE MTOTO KWELI

Jioni ile tulianza upya, na tulianza kwa kumwambia kweli. Aghalabu sisi wazazi humwambia mtoto, “Ukipanda mti matumbo yatamwagika.” Mtoto akipanda na matumbo yasimwagike, hatatuamini tena. Mwanangu alikwisha kupanda mwembe, na matumbo yake yalikuwa mahali pake. Nilichukua kipande cha kitambaa kilichochanika, nikakishona mbele yake kwa uzi mwembamba, nikampa akivute polepole, kisha akivute ghafula. Alipokivuta ghafula uzi ulikatika. Alikitazama kwa muda, kisha akajishika tumbo kwa mkono wake mwenyewe.

Nilimsimulia pia habari mbili za kweli, nazo nawapa mkawasimulie wenu. Ya kwanza ni ya mvulana wa miaka kumi na mmoja wa mjini London, aliyepasuliwa mwaka 1735 na mganga aitwaye Claudius Amyand. Mvulana yule alikuwa na ngiri, na ndani yake mganga alikuta kidole tumbo kilichotobolewa na pini aliyokuwa ameimeza. Alikikata na kukiondoa, na inahesabiwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kidole tumbo kukatwa na mgonjwa akapona. Dawa ya usingizi haikuwako bado, kwani mvuke wa etha ulionyeshwa hadharani katika upasuaji mjini Boston, Marekani, mwaka 1846 tu. Mvulana yule alivumilia karibu nusu saa, macho wazi.

Ya pili ni ya Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza. Alikuwa atawazwe tarehe 26 Juni, 1902, na wageni walikwisha kufika kutoka pande zote za dunia. Siku mbili kabla yake alipasuliwa tumbo kwa sababu ya usaha uliotokana na ugonjwa huu huu. Taji ikawekwa kando hadi tarehe 9 Agosti.

“Mfalme naye alingoja majuma sita?” akauliza mtoto.

“Yalikaribia majuma saba,” nikamjibu.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba kama ni hivyo yeye ataweza.

LINDO CHINI YA MWEMBE

Ahadi ya mtoto bila kazi haidumu. Hapo nilikumbuka nyumba niliyokuwamo ni nyumba ya nani. Mtoto wa askari hukua akisikia habari za lindo, zamu na taarifa. Nilinunua sokoni daftari la kurasa hamsini na kalamu mbili. Tukaweka kitanda cha kamba chini ya ule ule mwembe uliokuwa adui, tukakielekeza mlangoni mwa ua. Nikamwambia kwamba kuanzia siku ile yeye ndiye mlinzi wa zamu wa nyumba, na daftari lile ni kitabu cha matukio, kama kile kilichoko juu ya meza ya kila kituo cha polisi. Kila lipitalo lazima liandikwe, pamoja na saa yake. Mlinzi haachi lindo lake ila kwa ruhusa, na akiondoka hutembea, hakimbii.

Siku ya kwanza aliandika kurasa mbili. Gari la maji, saa 2:10. Mbuzi wanne, mmoja kilema. Mwanamke amebeba kokoto. Bodaboda yenye watu watatu na kuku. Jirani amegombana na mwuza mkaa. Siku ya pili aliongeza hesabu: magari ya maji mangapi kwa siku, pikipiki ngapi kwa saa moja. Mtoto aliyekuwa akikimbia hesabu shuleni alikuwa sasa anajumlisha kwa hiari yake, tena anarudia asije akakosea.

Siku ya tatu mama yake aliposoma daftari lile jioni, mwisho wa ukurasa alikuta imeandikwa: Saa 12 jioni. Baba hajapita. Akafungua kurasa za nyuma. Siku ya kwanza yalikuwapo maneno yayo hayo. Siku ya pili vile vile.

Akina baba, sehemu inayofuata nawaandikia ninyi.

SAUTI YA BABA ALIYE MBALI

Usiku ule mtandao wa simu ulipopatikana, mdogo wangu alimsomea mumewe daftari lile tangu mwanzo hadi mwisho. Alimweleza pia habari za mwembe, ambazo alikuwa amezificha. Sikusikia shemeji alisema nini, ila niliona mdogo wangu akifuta macho na baadaye akacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu nifike.

Kesho yake, saa moja ya jioni, simu ililia, na baba akaomba kusema na mlinzi wa zamu. “Taarifa!” akasema. Mtoto alisoma kwa dakika kumi. Baba hakumkatiza. Alimwuliza maswali: yule mbuzi kilema ni wa nani? Mwuza mkaa amerudi? Na kidonda, kina hali gani? Kikavu, kina joto, kinauma? Liandike hilo pia, maana askari aliyejeruhiwa hutoa taarifa ya jeraha lake bila kuficha.

Tangu siku ile haikuwapo haja ya kumfungia wala kumfokea. Hakutaka kuondoka lindoni kwa kuwa jioni ataulizwa. Palipokosekana mtandao aliandika taarifa mbili, akazisoma kwa pamoja siku iliyofuata.

Ndugu askari, iwe uko doria, kambini au kituoni, usidhani kwamba kwa kuwa huko nyumbani huna sehemu katika uuguzi. Mtoto aliyelazwa hujiuliza kama amesahauliwa. Dakika kumi za kumsikiliza, tena kwa saa aijuayo, zitamtuliza kuliko zawadi utakayokuja nayo baada ya miezi mitatu. Na usianze kwa kumwuliza mama mbele yake kwa nini mtoto alianguka. Mwulize mtoto kwanza ameona nini leo.

MICHEZO YA KUKETI

Zamu haiwezi kujaza kutwa nzima. Mtoto mchangamfu huchoka na jambo moja baada ya nusu saa au saa moja, na asipopewa la pili atalitafuta mwenyewe, labda juu ya paa. Basi tuliigawa siku. Asubuhi kabla ya joto alitembea nami polepole hadi mwisho wa ua na kurudi, mara kadhaa. Kisha ikafuata zamu, na baada yake masomo kidogo. Mchana alilala, alasiri alicheza, na jioni alitoa taarifa. Hii hapa michezo iliyotufaa, na yote haina gharama kubwa.

Ng'ombe wa udongo. Watoto wa Sudan Kusini, Wadinka, Wanuer, Wamundari na wengineo, tangu zamani hufinyanga ng'ombe wa udongo wenye pembe ndefu. Mwanangu alifinyanga zizi zima, akampa kila fahali jina na rangi. Sharti lake ni moja: bendeji ifunikwe kwa nguo safi, na mikono ioshwe kwa sabuni mara amalizapo.

Mapovu ya sabuni. Chukua bua la jani la mpapai, uchovye katika maji ya sabuni, mtoto apulize taratibu. Mchezo huu ni dawa pia, kwa kuwa humfanya avute pumzi ndefu na kuyafungua mapafu, jambo ambalo mtoto mwenye maumivu ya tumbo huliogopa. Mwonye apulize, asivute.

Bao. Chimba mashimo ardhini karibu na kitanda, au tumia kasha la mayai, na kokoto za Jebel ni nyingi. Bao hufundisha hesabu na subira, tena babu na bibi wanaweza kushiriki.

Duka. Makopo matupu, vifuniko vya chupa na majani ya mwembe yawe ndiyo noti. Mgonjwa awe mwenye duka, kwa sababu mwenye duka huketi na wanunuzi ndio watembeao.

Vitendawili. Usimtegee tu vile vya zamani, mpe kazi ya kutunga vyake kwa vitu anavyoviona. Mwanangu alitutegea hiki: Askari wangu amesimama kutwa kucha, mvua na jua, wala hapokewi zamu. Tulishindwa, tukampa mji. Jibu lilikuwa ni ule mlima wa Jebel Kujur.

Kazi ya kweli. Huu si mchezo, lakini mtoto huupenda kuliko michezo. Kuchambua maharage, kukunja nguo ndogo, kuhesabu fedha za soko na kumwandikia mama orodha. Mtoto mgonjwa huhisi amekuwa mzigo. Mpe kazi nyepesi ambayo nyumba itaihitaji kwelikweli, naye atajua kwamba bado ana nafasi yake.

Na simu je? Kuangalia picha katika simu si haramu, hasa saa ya kubadilishwa bendeji au maumivu yanapozidi. Lakini iwe na saa yake. Mtoto aliyekodolea simu tangu asubuhi huinuka jioni akiwa na ukali mwingi, na nguvu zote za kutwa hutafuta mahali pa kutokea kwa mara moja.

WENZIWE NA NDUGUZE

Usimtenge mtoto na rafiki zake, bali waingie kwa idadi. Sisi tuliruhusu wawili kwa wakati mmoja, na kila aingiaye sharti aketi. Kaka yake, aliyekuwa amekunjua fulana chini ya mwembe, alikuwa na huzuni ambayo hatukuitambua upesi. Alidhani yeye ndiye aliyekifungua kidonda. Mama yake alimwita kando, akamwambia kwamba kosa halikuwa lake, akamfanya msaidizi wa mlinzi, mwenye kazi ya kuleta maji ya kunywa na kupeleka ujumbe. Binti mdogo naye alianza kulia kwa kuumwa tumbo lisilouma. Tulimfunga bendeji ya kitambaa, akapona siku ile ile.

Mwaka 1959, huko Uingereza, kamati iliyoongozwa na mganga Harry Platt ilitoa taarifa ikitaka wazazi waruhusiwe kuwazuru watoto wao hospitalini bila kubanwa na saa, na watoto wapewe nafasi ya kucheza. Kabla ya hapo hospitali nyingi za huko ziliwazuia wazazi. Kwetu akina mama tangu zamani hulala kando ya vitanda vya watoto wao, hata kama ni juu ya mkeka sakafuni. Basi desturi hiyo tuliyo nayo tusiione kuwa ni dhiki tu. Tuongeze juu yake ile nusu ya pili, yaani mchezo.

MAMBO YA KUANGALIA

Michezo yote hii haichukui mahali pa dawa. Mpe mtoto dawa za maumivu kwa kipimo na saa alizoandikiwa na daktari, usingoje mpaka alie. Usimpe aspirini bila amri ya daktari. Dawa za kuua vijidudu zimalizwe zote, hata akionekana mzima. Mfundishe kukumbatia mto mdogo tumboni anapokohoa au kucheka, maana humpunguzia maumivu. Mpe maji ya kutosha, matunda na mboga, asije akajikamua kwa choo kigumu. Kidonda kiwe kikavu, kisiguswe kwa mikono michafu, kisipakwe majivu, mafuta wala majani. Asioge mtoni wala bwawani mpaka aruhusiwe.

Mrudishe hospitali bila kungoja asubuhi ukiona mojawapo ya haya: homa, kidonda kuwa chekundu na cha moto, usaha au harufu mbaya, damu isiyokoma, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kutapika mfululizo, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua. Kidonda kikifunguka kiasi cha kuonekana nyama ya ndani, kifunike kwa kitambaa safi kilicholowa maji safi, mlaze mtoto, umkimbize hospitali.

Na wewe mama, mwuguzi wa mwuguzi ni nani? Tafuta mtu wa kukupokea zamu, jirani au dada, walau saa moja kwa siku. Ule mwembe ulipandwa tulipokuwa tumesinzia, na tulisinzia kwa kuwa tulikuwa hatujalala usiku mwingi. Hilo si kosa la mama, lakini ni jambo la kupangiwa.

MWISHO WA ZAMU

Majuma sita yalitimia mwezi wa Aprili, baada ya mvua za kwanza kunyesha. Daktari alimpapasa tumbo, akamwambia akohoe, akamwambia aruke mara moja. Akaruka. Akaambiwa basi, sasa aanze kukimbia kidogo kidogo. Mtoto alitutazama mimi na mama yake kana kwamba anangoja tumkataze.

Nilirudi kwetu kabla shemeji hajapata likizo. Yaliyofuata nimeyapata kwa simu kutoka kwa mdogo wangu. Baba alifika mwezi wa Mei, jua likizama. Mtoto alimwona tangu mbali, naye, aliyekuwa sasa na ruhusa ya kukimbia, hakukimbia. Alisimama wima mlangoni, akapiga saluti, akamkabidhi daftari. Baba aliweka mzigo wake chini, akalisoma pale pale, amesimama, ukurasa kwa ukurasa, mpaka giza likamzuia kuona. Kisha akaomba kalamu. Chini ya mistari yote ile iliyosema kwamba hajapita, akaandika saa na tarehe, na neno moja: Amepita. Akatia sahihi.

Nawaaga kwa leo, wasomaji wapenzi. Aliye na mtoto aliyewahi kuuguzwa nyumbani, na akagundua mchezo wa kuketi ambao sikuutaja, na aniandikie ili tuwashirikishe wenzetu. Mpaka juma lijalo, nawatakieni afya nyumbani na salama kazini.